Ng'ombe Hajui Mpaka

(Hotuba juu ya Ujirani Mwema na Ufugaji, iliyosomwa na Karani mbele ya Wazee na Wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kamati ilipoketi kupanga shughuli za siku hii ilinitaka niseme maneno machache juu ya ufugaji wa ng'ombe. Nilishangaa, kwa kuwa mimi si daktari wa mifugo, wala sina zizi la kutajwa mbele za watu. Mimi ni karani. Kazi yangu ni kalamu na daftari mjini Bungoma, na siku za Jumamosi huenda shambani kwetu upande wa Kitale. Wamo humu wazee ambao ng'ombe akikohoa gizani wajua ni yupi, na mama yake alikuwa nani. Mbele yao mimi ni mtoto, na mtoto hawafundishi wazee kukama.

Kwa hiyo niliiomba Kamati iniruhusu niseme juu ya ng'ombe na jirani, mambo mawili pamoja, nayo ikakubali. Neno langu ni moja tu. Mtu aweza kununua ng'ombe peke yake, na aweza kumwuza peke yake. Lakini kumfuga peke yake hawezi. Maji anayokunywa ng'ombe hupita kwa jirani kwanza. Kupe anayemng'ata aliangushwa na ng'ombe wa jirani. Mwizi anayemjia usiku hupita mlangoni kwa jirani. Karatasi ya shamba yaonyesha mpaka, na mwenye shamba aujua. Ng'ombe hajui mpaka.

NCHI YETU NA NG'OMBE WAKE

Kati ya Kitale na Bungoma si mbali. Mlima Elgon umesimama upande mmoja, vilima vya Cherangani upande wa pili, na mto Nzoia wapita kati ukishuka kwenda Webuye na mwisho Ziwa Viktoria. Ni nchi ya mvua na majani, na tangu zamani wenyeji wake walikuwa watu wa ng'ombe: Wabukusu, Wasabaoti, Watachoni, Wapokot, Wateso, na wengine. Msafiri Joseph Thomson alipofika katika mlima huu mwaka 1883, alikuta watu wakikaa mapangoni pamoja na ng'ombe wao. Watu hao waliyapenda mapango kwa sababu mbili: yaliwakinga na adui, na udongo wake una chumvi ambayo ng'ombe huilamba.

Baadaye mambo yaligeuka. Mashamba ya Trans Nzoia yalianza kugawiwa walowezi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na reli ikafika Kitale mwaka 1926. Babu zetu wengi walirudi katika nchi ile ile kama vibarua, kila mmoja na ng'ombe wake wachache nyuma ya nyumba. Hata hao wachache hawakuachwa kwa amani, maana sheria iliyotungwa mwaka 1937 ilizipa halmashauri za walowezi nguvu ya kupunguza mifugo ya vibarua. Wazee waliopo hapa wamesikia kwa baba zao jinsi mtu alivyoambiwa achague kazi au ng'ombe.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, mashamba makubwa yakaanza kununuliwa na kukatwa, mengine kwa mpango wa serikali, mengine kwa vyama vya ushirika na makampuni ya wananchi. Ndipo watu wa makabila mengi walipojikuta wamepakana ghafula. Katika kijiji cha zamani jirani yako alikuwa mtu wa ukoo wako. Ukikosana naye, wajomba waliketi wakamaliza. Katika mashamba haya mapya tulipewa ploti kwa kupiga kura, na jirani tukampata kwa kura iyo hiyo. Hatukumchagua, naye hakutuchagua. Ikawa ujirani ni jambo la kujifunza upya.

NG'OMBE WA AMANA

Lakini wazee wetu hawakuanza mikono mitupu. Walikuwa na desturi ambayo vijana wengi hawaijui, nayo ni ya kuweka ng'ombe kwa rafiki. Mtu mwenye ng'ombe ishirini hakuwaweka wote katika zizi moja. Alipeleka watatu kwa rafiki mlimani, wawili kwa mkwe ng'ambo ya mto. Mtunzaji alipata maziwa na samadi, na baada ya uzazi kadhaa akapewa ndama wake mwenyewe kwa kazi aliyofanya. Mwenye mali alipata usalama: maradhi yakiingia zizi moja, au mwivi akija, hakupotewa na vyote.

Mtaalamu wa Kimarekani, Walter Goldschmidt, alikaa na Wasebei, ndugu wa Wasabaoti, upande wa Uganda wa mlima wetu, akaandika kitabu juu ya ng'ombe wa mzee mmoja, kikachapishwa mwaka 1969. Humo aeleza mapatano yaitwayo namanya. Mtu mwenye haja ya dume la kuchinja hulichukua kwa mwenziwe, na badala yake humpa ng'ombe jike amtunze. Jike huyo akizaa ndama jike, na ndama akakua, ndama hubaki kwa yule aliyetoa dume, na mama hurudi kwa mwenyewe. Angalieni, ndugu zangu, mapatano haya huchukua miaka mingi. Hakuna hati wala muhuri. Muhuri wake ni kuaminiana, na waliopatana hivyo huhesabiana kuwa ndugu kwa ajili ya ng'ombe.

Tena msidhani desturi hii ilikuwa ya upole tu. Ilikuwa ya akili. Katika miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki ikawaua ng'ombe wengi mno, na matajiri wakalala maskini. Mtu aliyekuwa na ng'ombe mahali pengi alikuwa na tumaini la kubakiwa na mbegu. Na hiyo sotoka yenyewe ilishindwaje? Karibu na mwaka 1960 Daktari Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo njema pale Muguga, hapa hapa Kenya. Na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba ugonjwa huo umekwisha duniani kote. Haukuisha kwa sababu mtu mmoja hodari alichanja ng'ombe wake. Uliisha kwa sababu wafugaji wa nchi nyingi, hata wasiopendana, walileta ng'ombe wao kwenye sindano.

NGOZI MBILI

Sasa niruhusuni niseme jambo la nyumbani kwetu. Nalisema kwa idhini ya mama yangu, na kwa idhini ya jamaa ya jirani yetu, ingawa jina lake sitalitaja.

Mwishoni mwa mwaka 1991 mapigano ya kikabila yalianza katika Bonde la Ufa, na kufikia mwaka 1992 yalikuwa yameenea Trans Nzoia na miteremko ya Elgon upande wa Bungoma. Sikuja kufukua makaburi. Kila nyumba humu yajua ilichopoteza. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka miwili, kwa hiyo nasimulia niliyoyasikia kwa mama na kwa babu yangu.

Babu alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja. Usiku ule jamaa yetu ilipokimbia kwenda kwa ndugu zetu karibu na Kimilili, ilibeba watoto na blanketi, ng'ombe wakabaki zizini. Jirani yetu alikuwa mzee wa Kisabaoti. Kabla ya mapambazuko alifungua zizi la babu, akawaswaga ng'ombe wote, akawachanganya na wake. Watu wa upande wake walimjia wakamwuliza kwa nini awatunza ng'ombe wa adui. Akawajibu kwamba ng'ombe hao hawana kabila, wamekunywa maji pamoja na wake miaka mingi, na kwamba atakayetaka kuwachukua na awachukue wote, wake na wa jirani, maana yeye hawezi tena kuwatenga. Walimwacha, lakini kwa muda mrefu walimwita jina baya.

Babu alirudi baada ya miezi kumi na minne. Alirudi kutazama kama paa la nyumba lipo, wala hakutazamia kuona ng'ombe. Yule mzee alimkaribisha, akampa maziwa, kisha akamwambia, "Mzee mwenzangu, uliacha kumi na mmoja. Tisa hawa hapa. Wawili walikufa kwa maradhi, na ngozi zao ni hizi. Ndama wanne wamezaliwa, nao ni wako."

Akamtolea ngozi mbili zilizokauka. Alikuwa amezihifadhi juu ya dari miezi yote hiyo, ili mwenye mali asije akasema, au hata akawaza moyoni tu, kwamba wawili wale waliliwa. Babu alimpa mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kipajini. Uzao wa mtamba huyo uko katika zizi la jirani yetu hata leo.

KOSA LANGU

Hadithi hiyo ingefaa kumalizia hotuba, nanyi mngenipigia makofi. Lakini sikuja kujisifia wema wa wazee wawili, na hasa mmoja wao hakuwa wa jamaa yangu. Nimekuja kueleza nilichofanya mimi niliyesoma.

Miaka minne iliyopita nilinunua mtamba wa gredi katika mnada ulio mbali kidogo na kwetu. Bei ilikuwa nafuu kupita kiasi. Sikuuliza sababu. Sheria yataka mtu apate kibali kabla ya kuhamisha mnyama, nami najua sheria hiyo vizuri kwa kuwa karatasi ndiyo kazi yangu. Sikuchukua kibali. Nilimpakia mtamba garini usiku nikamfikisha nyumbani kabla ya jogoo.

Siku ya nne mtamba alianza kudondosha mate na kuchechemea. Nikapigiwa simu mjini. Nilijua, au niliogopa kujua, kwamba ni ugonjwa wa miguu na midomo. Hapo ndipo nilipokosa zaidi. Kununua bila kuuliza kulikuwa ujinga. Lililofuata lilikuwa uovu. Nilimwambia kijana anayetuchungia amwoshe mdomo kwa maji ya chumvi, anyamaze, na aendelee kuwapeleka ng'ombe mtoni kama kawaida, watu wasije wakashuku. Niliogopa afisa wa mifugo angeweka karantini, nisiweze kuuza maziwa. Niliogopa pia kuchekwa.

Wazee husema, mficha maradhi kifo humwumbua. Ugonjwa huu huenda kwa mate, kwa maziwa, kwa pumzi, na hata kwa viatu na nguo za mchungaji. Ng'ombe aliyeambukizwa huweza kukaa siku mbili tatu, au hata wiki mbili, kabla ya kuonyesha dalili. Ng'ombe wakubwa wengi hupona, ingawa maziwa hupungua sana na wengine hawarudii kamwe hali yao ya kwanza. Ndama huweza kufa ghafula, kwa maana ugonjwa huingia katika moyo.

Haikupita wiki mbili, ng'ombe wa jirani wakaugua. Yule mzee alikuwa amekwisha kufariki, na zizi lilikuwa mikononi mwa mwanawe, ambaye ni mkubwa wangu kwa umri. Ndama wake wawili walikufa. Maziwa yaliyokuwa yakienda kwa mnunuzi kila asubuhi yakakatika, na fedha za maziwa yale ndizo zilizokuwa zimewekwa kando kwa ajili ya binti yake aliyekuwa anangoja kuingia kidato cha kwanza. Binti alichelewa kwenda shule muhula mzima.

Jirani hakujua ugonjwa ulitoka wapi. Mtaani palisemwa ni upepo, au ni ng'ombe wa wapitaji. Ningaliweza kunyamaza, na nilinyamaza kwa mwezi mmoja. Mama yangu ndiye aliyekuwa amemwuliza kijana wa kuchunga, akaambiwa yote. Jumamosi moja aliniwekea chai mezani, akaketi, akasema, "Mwanangu, yule mzee alituwekea ngozi za waliokufa ili tujue ukweli. Wewe umemficha aliye hai."

Sikumaliza chai ile. Nilimchukua mzee mmoja wa mtaa tukaenda kwa jirani. Nilimwita kaka, nikamwambia kila kitu, nikiwa nimesimama. Alikaa kimya muda mrefu, akitazama zizi. Kisha akasema, "Ungeniambia siku ile ya kwanza, ningewafunga ng'ombe wangu nyumbani, ningewachotea maji kwa ndoo. Ni hilo tu."

Hakunitukana. Nililipa mitamba miwili badala ya ndama wawili, na karo ya muhula ule, naye akapokea mbele ya wazee. Lakini, Bwana Mwenyekiti, nisiwadanganye kwamba mambo yalirudi kama kwanza. Tunasalimiana. Tunazikana. Walakini mpaka leo hawapeleki ng'ombe wake mtoni mpaka wangu wawe wameondoka. Deni la ndama nimelilipa. Deni la kuaminiwa bado.

ADUI MDOGO

Nimesema juu ya ugonjwa mmoja. Huo huja na kupita. Upo mwingine usiopita, nao huua ndama wetu kila mwaka: ndigana kali, iletwayo na kupe wa rangi ya kahawia akaaye masikioni. Wengi wenu mwaijua dalili yake: tezi chini ya sikio huvimba, mnyama huwa na homa kali, hukohoa, povu hutoka puani, na mara nyingi hufa kabla ya wiki tatu kwisha. Ng'ombe wa gredi na ndama huumia kupita wote.

Kupe huyu habaki juu ya ng'ombe mmoja maisha yake yote. Hunyonya mara tatu katika umri wake, na kila mara akishiba huanguka majanini, hujibadilisha umbo au hutaga, kisha yeye au watoto wake hungoja ng'ombe mwingine apite. Kupe jike mmoja aliyeshiba hutaga mayai kwa maelfu. Basi mtu aogeshaye ng'ombe wake vizuri, na jirani yake haogeshi, anapigana na maelfu kwa ajili ya mmoja aliyeanguka upande wa pili wa ua. Na mtu apunguzaye dawa kwa kuongeza maji ili isiishe upesi, huyo huua kupe dhaifu na kuwaacha wenye nguvu wazaane, mpaka dawa ile haifai kwa yeyote katika lokesheni. Kidole kimoja hakivunji chawa, na pampu moja haimalizi kupe.

Zamani kila mtaa ulikuwa na josho, au dipu kama wengi tusemavyo, na serikali ilitoa dawa. Majosho mengi yalikabidhiwa kamati za wananchi, na katika miaka ya 1990 mengi yakakauka. Hayakukauka kwa kukosa maji. Yalikauka kwa sababu mweka hazina hakusoma hesabu, kwa sababu wakubwa walipitisha ng'ombe wao bila kulipa, na kwa sababu mjane mwenye ng'ombe mmoja alirudishwa nyumbani kwa kukosa shilingi chache. Lile la mtaa wetu lina nyufa na majani yameota ndani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twakaribia kujenga ukuta.

Iko chanjo ya ndigana iliyotengenezwa Muguga katika miaka ya 1970, na ng'ombe akichanjwa mara moja hupata kinga ya muda mrefu sana. Lakini yaonyesha neno lile lile. Dawa hiyo huhifadhiwa katika baridi kali mno, na ikiisha kutolewa na kuyeyushwa yapasa itumike upesi siku ile ile kwa ng'ombe makumi kadhaa. Mtu mwenye ng'ombe wawili hawezi kuifungua peke yake. Majirani ishirini wakikutana, wanaweza.

Hata zawadi yahitaji akili. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ugonjwa wa kudumaza majani ya nepia ulionekana katika Bungoma, majani yakawa mafupi, ya njano, na mwisho shina likafa. Wadudu wadogo huueneza, na hata sisi wenyewe huueneza kwa mikono yetu, tukigawiana vipande vya kupanda kwa nia njema kabisa. Atoaye vipande kutoka shina lililodumaa amempa rafiki yake hasara, wala hakujua.

MAMBO YA KUTENDA

Bwana Mwenyekiti, hotuba bila tendo ni kelele. Naomba Mkutano huu ufikirie mambo matano.

La kwanza ni kutangaza ugonjwa. Kila mwanachama aahidi kwamba akiona dalili katika zizi lake, atamwambia jirani siku ile ile, kisha afisa wa mifugo. Nasi sote tuahidi kutomlaumu wala kumcheka asemaye. Mimi nilificha kwa kuogopa hasara na kwa kuogopa vicheko. Hasara siwezi kuiondoa kwa azimio la mkutano, lakini vicheko tunaweza. Tukimfanya asemaye ukweli kuwa adui, tutawafundisha watu wote kuficha.

La pili ni josho. Lizibwe nyufa, liwe na siku moja kwa wiki, na daftari la kila ng'ombe aingiaye. Hesabu zisomwe kwa sauti kila mwezi mbele ya josho lenyewe. Mjane na mgonjwa wasirudishwe, bali deni lao liandikwe, nao walipe kwa kazi au kwa wakati wao.

La tatu ni chanjo. Tukusanye majina mapema, ili serikali ya kaunti, ambayo tangu mwaka 2013 ndiyo yenye kazi ya mifugo huku kwetu, ikitangaza siku, tusiwe watu wa kutafutana.

La nne ni mahindi. Nchi ya Kitale ni nchi ya mahindi, na ng'ombe akiingia katika shamba la mtu mara nyingi huingia katika urafiki wake pia. Mwenye ng'ombe aitwe siku ile ile, hasara itazamwe pamoja, wazee wawili wakiwapo, na malipo yawe mahindi wakati wa mavuno. Tusimkimbilie chifu kabla ya kumwita jirani. Na mavuno yakiisha, turudishe desturi ya kuwaachia majirani wasio na shamba mabua ya kulisha.

La tano ni ukelele wa usiku. Mwajua jinsi wizi wa mifugo ulivyozidi ukali katika mipaka yetu tangu mwaka 1979, serikali ya Idi Amin ilipoanguka na bunduki za kambi ya Moroto zikaporwa. Mwajua pia mambo ya Mlima Elgon ya mwaka 2006 hadi 2008, ambayo yalitufanya kila mmoja ajifungie kwake. Zamani ukelele ukipigwa, kila mwanamume alitoka, na nyayo za ng'ombe zikifika katika mtaa, watu wa mtaa ule walizipokea wakazifuata mbele. Siku hizi mtu husikiliza kwanza lugha ya anayelia. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ndugu zako wa Kimilili hawatakufikia kabla ya mwizi kuvuka mto. Atakayekufikia ni yule mliyepakana naye, lugha yake iwayo yote.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. La josho lahitaji karani, na kwa hilo najitoa. Mkutano ukikubali, daftari la josho nitaliandika mimi kila Jumamosi bila malipo, na kila mwanachama atakuwa na ruhusa ya kulifungua na kulisoma. Nataka mkono wangu ule ule uliokwepa kibali uandike ng'ombe wa kila mtu kwa haki.

Kabla ya kuja hapa nilimpelekea jirani yangu karatasi hii aisome, kwa kuwa ni habari yake pia. Aliisoma pole pole, akasahihisha idadi ya ndama waliozaliwa mwaka ule, kwa maana mimi nilikuwa nimeandika watatu, naye alikumbuka kwa baba yake kwamba walikuwa wanne. Kisha akanirudishia, akasema, "Kasome."

Basi nimesoma. Ikiwa mwakani Kamati itanipa tena nafasi hii, natumaini nitaweza kuwaambia kwamba ng'ombe wa nyumba zetu mbili wamekunywa maji pamoja.